Kugonga Mara Mbili

Kaanaeli Tumainieli alikuwa na sheria moja asiyoivunja kwa mteja yeyote: hagusi mwili wa mtu kabla hajauliza. Uwe mkuu wa idara au mpiga debe wa stendi, ukiingia kwenye kile chumba chake nyuma ya saluni pale Same mjini, jambo la kwanza utakalosikia si bei wala jina lako. Utasikia, "Wapi panauma, na wapi hutaki niguse?" Kisha atakunja mikono kifuani asubiri. Na atasubiri kweli, maana watu wetu ukiwauliza hutaki niguse wapi, wanacheka kwanza.

Wanacheka kwa aibu, na aibu yenyewe ni ya kila namna. Yuko anayeogopa kwamba nguo yake ya ndani imechakaa. Yuko anayeogopa kusinzia akakoroma, au tumbo likamuumbua. Lugano, dereva wa lori, mwenyeji wa Tukuyu, siku ya kwanza alipanda kitandani na viatu vyake. Kaanaeli akamtazama. "Kaka, na viatu navyo vinaumwa?" Lugano akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo kuliko mwili wake, "Dada, nimetoka Tunduma, leo siku ya pili. Nikivua hivi utahama hiki chumba." Kaanaeli hakucheka. Alileta beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi na kipande cha limau, akamwosha miguu mwenyewe. Tangu siku hiyo kila mteja anaanza na beseni, anuke asinuke, ili asiwepo wa kujiona ameoshwa kwa sababu ananuka.

Mwalimu Faustina naye alikuja amejifunga kanga tatu. Alikuwa na kovu la kupasuliwa tumboni wakati wa kujifungua, na hata mumewe, alisema, hakuwahi kuliona taa ikiwa inawaka. Kaanaeli akamweleza taratibu: hapa unavua unachotaka kuvua, unabaki na unachotaka kubaki nacho, nikishughulika na mguu nitaufunua mguu huo tu, nikimaliza naufunika ndipo nakwenda kwa mwingine, tumbo ukisema tuliache, tunaliacha, wala sitauliza kwa nini. Faustina akavua kanga moja. Wiki iliyofuata alivua ya pili. Ya tatu alibaki nayo, na hakuna aliyemsumbua.

Halafu kuna hili la maumivu. Mpare hasemi inauma. Unamkandamiza begani mpaka machozi yanamlenga, ukimuuliza anakujibu "endelea tu," kwa sababu kumwambia mtu anayekusaidia kwamba anakuumiza ni kama kumtukana. Kaanaeli aliwahi kumchua mama mmoja kutoka Bendera aliyesema endelea, endelea, kesho yake akashindwa kuinua mkono. Ndipo akabuni lugha ya kugonga. Mteja asiyetaka kusema, na agonge ubao wa kitanda kwa kidole. Akigonga mara moja, maana yake punguza. Akigonga mara mbili, maana yake ondoa mikono, na mikono inaondoka papo hapo bila swali. "Hapo hata kama nimebakiza dakika moja," aliwaambia, "nimeishia hapo."

Wale wanaume waliokuja wakitaka mengine, maana wapo, aliwafungulia mlango wazi kabisa mpaka kelele za saluni zikaingia, akawaambia kwa adabu, "Mlango huo." Hakuwa na muda wa kugombana. Alijifunza kazi hii miaka sita kwenye hoteli moja Moshi, akaipenda, akaiheshimu, akarudi nayo nyumbani. Kwa wenzake wa Same alikuwa dada wa masaji na basi, mtu anayeshukiwa mara moja na kushukuriwa mara kumi.

Ila Mzee Tumainieli, baba yake, hakuwa Same. Alikuwa juu mlimani, nusu saa kwa bodaboda kutoka Lembeni, mzee wa kanisa, mkulima wa migomba na kahawa, mgawaji wa zamu za maji kwenye ndiva, yaani lile bwawa dogo wanakokusanya maji ya mfereji kabla ya kuyafungulia mashambani. Mtu asiyedhulumu hata dakika ya maji. Na kijijini, jirani mmoja aliyekuwa akisubiri basi pale stendi ya Same alikwenda kusema aliona kwa macho yake dereva akitoka chumbani kwa Kaanaeli anafunga vifungo vya shati.

Huyo dereva alikuwa Lugano, na shati lake lilikuwa na vifungo saba vyote vya kufungwa, sasa huyo jirani alitaka avifungie wapi, barabarani? Lakini maneno yakishapanda mlima hayashuki kuulizwa.

Krismasi ya mwaka huo ukoo wote ulikuwa nyumbani, waliotoka Dar, waliotoka Arusha, watoto hawahesabiki. Chakula kilipoandaliwa Mzee Tumainieli alisimama. Watu walidhani anataka kuombea. Akasema, "Nasema nikiwa na akili zangu, mbele yenu wote. Kaanaeli ni mwanangu, simfukuzi. Atakula hapa, atalala hapa, na shikamoo yake nitaiitikia. Ila mikono inayopapasa wanaume wa barabarani isiniguse. Nikiwa mzima isiniguse, nikiumwa isiniguse." Akaketi. Pilau lilipoa kwenye sahani. Kaanaeli alikuwa ameshika jagi la kunawisha wageni mikono, akabaki amelishika tu, mpaka mdogo wake Anderson akaja kumpokea.

Watani wetu wanasema Mpare anaweza kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Wanatania, lakini utani haujengwi juu ya hewa. Neno alilolisema mzee mbele ya ukoo halimezwi. Kwa miaka mitatu Kaanaeli akipanda mlimani, baba yake aliitikia "Marahaba, umefika salama?" huku mikono yake ameiweka mifukoni mwa koti. Alimwekea chakula, alimuuliza habari za Same, na akiondoka alimsindikiza mpaka kwenye mfereji. Mkono hakumpa. Nawaambieni, afadhali angemfukuza. Mtu aliyefukuzwa anajua amefukuzwa, anakwenda kulia kwingine.

Basi mvua za masika, jiwe moja la ukingo wa ndiva likateleza chini ya mguu wa mzee. Akaanguka kwa mgongo. Walimshusha hospitali, wakampiga picha, mfupa haukuvunjika, ila misuli ya kiuno ilikuwa imekaza kiasi kwamba hakuweza kujikunja avae viatu. Mganga akasema arudi nyumbani, afanye mazoezi, na achuliwe kwa utaratibu na mtu anayejua. Mzee akauliza, "Nani anajua?" Anderson, aliyekuwa amemshika bega, akatazama chini. Pale wote wawili walikuwa na jina moja kichwani, na hakuna aliyelitaja.

Anderson ni fundi mwashi. Alimpigia dada yake simu akamweleza yote, kisha akasema, "Nifundishe mimi."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba kila Jumatatu, siku saluni inafungwa, Kaanaeli alipanda mlimani na chupa ya mafuta ya alizeti, akasimama nje ya pazia la chumba cha baba yake, akawa anaelekeza. Ndani Anderson anachua, nje yeye anasema. "Mwambie alale kifudifudi, aweke blanketi lililokunjwa chini ya tumbo. Muulize panauma wapi." Anderson anauliza. Mzee anamjibu Anderson. Anderson anarudia kwa sauti kana kwamba pazia ni ukuta wa mawe. "Pasha mafuta viganjani kwanza, usimwekee ya baridi. Usikandamize uti wa mgongo wenyewe, pita pembeni yake. Mwambie akiona inazidi agonge mara moja. Akitaka uache, agonge mara mbili."

Mzee aliipenda ile lugha ya kugonga, maana ilimpunguzia maneno. Na alikuwa na haki ya kuitumia. Viganja vya Anderson vililiwa na saruji siku nyingi, ni kama msasa. Dakika mbili hazipiti, unasikia ubao: ko, ko. Anderson anaondoa mikono. Anaanza tena. Ko, ko. Nje ya pazia Kaanaeli alikuwa anachua hewa kwa vidole vyake, akijua kabisa fundo liko wapi, akijua kwamba mdogo wake analipita kila mara kwa upana wa kidole kimoja.

Jumatatu ya nne Anderson alitoka pembeni ya pazia, akamtazama dada yake. Alimwonyesha viganja vyake viwili, vimepasuka, akavishusha. Kisha akashika pazia akalifunua kidogo.

Kaanaeli akavua viatu, akaingia.

Mzee alikuwa amelala kifudifudi, uso amezamisha kwenye mto. Mgongo ulikuwa umekonda. Lile kovu la begani, alilopata akibeba mbao za kujengea nyumba hii hii, lilikuwa bado pale, ila ngozi kulizunguka ilikuwa imelegea. Kaanaeli akapasha mafuta viganjani. Akajua kwamba anapaswa kuuliza. Midomo yake ilifunguka kuuliza, kama inavyofunguka kwa kila mtu, hata kwa wapiga debe, na sauti hakuitoa. Akaweka mikono.

Miaka mitatu na miezi hakuwa amemgusa. Alilia kimya kimya, akijizuia asivute kamasi. Chozi moja lilimponyoka likaanguka mgongoni kwa baba yake, akalipaka pamoja na mafuta, likapotea.

Mzee hakugonga. Alishusha pumzi ndefu. Baada ya muda akasema ndani ya mto, "Leo mikono yako imelainika, Anderson. Wiki hii hukushika saruji?"

"Kidogo tu, baba," akajibu Anderson.

Sasa sikilizeni. Anderson alikuwa amesimama miguuni kwa kitanda, na mikono ilikuwa kwenye mabega. Sauti inatoka huku, mikono iko kule. Mtoto wa chekechea angelijua hilo. Mzee akasema tu, "Endelea, basi." Na alipomaliza kuchuliwa, bila kuinua uso, akasema, "Asante, Anderson." Akabaki hivyo hivyo kifudifudi mpaka aliposikia miguu isiyo na viatu imetoka.

Robo saa baadaye alikuwa nje kwenye kigoda, koti limefungwa mpaka shingoni. Kaanaeli akaja mbele yake akapiga goti. "Shikamoo baba. Unaendeleaje?" "Marahaba. Naendelea vizuri. Mdogo wako anajitahidi." Mikono mifukoni.

Wiki zikafuata hivyo. Jumatatu baada ya Jumatatu Kaanaeli aliingia pekupeku, Anderson akasimama miguuni kama mlinzi, na mzee akazungumza na mto wake. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini akiwa kifudifudi alifunguka. "Mama yenu alikuwa akinikanda, alikuwa anaanza hapo hapo." Siku nyingine: "Anderson, dada yako anakula vizuri huko Same? Nimemwona amepungua." Anderson anajibu, "Anakula, baba." "Mwambie kuna mbaazi zake nimemtengea, asiondoke bila kuzichukua." Kaanaeli yuko hapo hapo, dole gumba lake liko ubavuni mwa baba yake, na anatumiwa salamu.

Mgongo ukapona. Mzee akavaa viatu mwenyewe, akatembea mpaka kanisani. Hakusema masaji yaishe. Anderson alipomuuliza kama bado anahitaji, alijibu kwamba mganga hakutaja mwisho.

Je, Kaanaeli alifurahi? Alifurahi, na furaha yenyewe ilimtafuna. Huku Same alikuwa anawauliza wageni ruhusa ya kushika vidole vya miguu, na kule mlimani anamshika baba yake aliyemkataza mbele ya watu hamsini. Mwalimu Faustina ndiye aliyemmaliza. Siku aliyoiondoa ile kanga ya tatu, alilala akitazama dari, akasema, "Unajua, Kaanaeli, tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza kabla ya kunigusa. Daktari, mkunga, mume, nani. Wewe tu." Kaanaeli akaendelea kuchua. Alipomaliza alikaa peke yake kwenye ukingo wa kitanda, na beseni la maji likapoa miguuni pake.

Alimwambia Anderson, "Sitaki tena kuingia bila kuuliza."

"Dada, mzee anajua. Anajua tangu siku ya kwanza."

"Kama anajua, aniite jina langu."

"Hawezi. Alishasema. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mimi si mwizi, Anderson. Naingia kwa baba yangu mzazi kwa kunyata. Nataka aniambie njoo, mara moja tu. Hata kwa hasira, aniambie njoo."

Anderson alikwangua saruji iliyokauka kwenye kucha. "Ukimuuliza utamlazimisha ajibu," alisema. Kaanaeli alisikia maneno hayo kwa masikio. Baadaye sana ndipo aliyasikia.

Mwezi wa tisa mzee alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Safari hii hospitali walisema ni moyo, umechoka, na umri nao. Wakampa dawa, wakamrudisha mlimani, na wakamwambia Anderson pembeni kwamba ajiandae. Hakuweza tena kulala kifudifudi. Akilala hivyo pumzi inakatika. Walimwegemeza chali kwenye mito mitatu, akawa anautazama mlango.

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo. Mto ulikuwa umemsitiri mzee miezi yote ile, sasa mto uko kisogoni. Uso uko wazi.

Jumatatu hiyo Kaanaeli alifika mapema. Alishamuuliza muuguzi anayemfahamu, akaambiwa miguu asiisugue, moyo hautaki, lakini mikono na mabega anaweza kumshika kwa upole, kumpa faraja tu. Alisimama nje ya pazia. Ndani alisikia Anderson akimwambia mzee, "Baba, muda wa kuchuliwa umefika." Kisha Anderson akatoka, uso wake unang'aa, akamnong'oneza, "Amefumba macho. Nimemwambia tu muda umefika, akafumba macho mwenyewe. Ingia, dada. Usiseme neno."

Akavua viatu, akaingia.

Kweli mzee alikuwa amefumba macho. Hakuwa amelala, kope zilikuwa zinacheza. Mkono wake wa kulia, ule uliokaa mifukoni miaka yote, alikuwa ameutoa nje ya blanketi, ameulaza juu ya shuka, kiganja kimetazama juu. Yaani alikuwa amempa. Mtu mwingine yeyote angeuchukua mkono ule akaubusu.

Kaanaeli akapiga magoti kando ya kitanda. Alipasha mafuta. Alikitazama kile kiganja, kimekauka, chenye ufa wa jembe, na moyo wake ukataka kitu kimoja tu duniani: asiibe tena. Baba yake asife huku yeye akiwa mwizi wa mgongo wake. Alimpenda mno asiweze kumfanyia pungufu ya alivyomfanyia dereva wa Tukuyu, aliyeulizwa kwanza.

Akasema, "Baba, ni mimi Kaanaeli. Naomba ruhusa yako. Nikuguse?"

Nyuma yake Anderson, aliyekuwa ameingia naye, alilikamata pazia.

Mzee akafumbua macho. Alimtazama binti yake muda mrefu, akamtazama kama mtu anayesoma jina kwenye kaburi la mwenzake. Midomo ilisogea, haikutoa kitu. Si kwamba hakuweza kuzungumza. Asubuhi hiyo hiyo aliomba uji akasema upunguzwe chumvi. Ni neno lenyewe lililogoma. Neno la Krismasi alilisema mbele ya ukoo, alilisema akiwa na akili zake, na sasa anaulizwa waziwazi, na mzee wa kanisa, mgawaji wa maji ya watu, akiulizwa waziwazi anajibu kweli.

Akakigeuza kile kiganja. Kidole kikafika kwenye ubao wa kitanda.

Ko.

Kaanaeli akasubiri. Mara moja maana yake punguza. Angeweza kupunguza. Angemshika kwa ncha za vidole tu, angemshika kama unavyoshika kifaranga.

Ko.

Akaondoa mikono. Alikuwa hajaigusa ngozi bado, mikono ilikuwa hewani juu ya shuka, akairudisha mapajani mwake, mafuta yakaingia kwenye sketi. Hakuuliza kwa nini. Ndiyo ilikuwa sheria yake.

Na mzee akaanza kulia. Machozi yalitoka pembeni mwa macho yakashuka kuelekea masikioni, maana alikuwa amelala chali, wala hakuinua mkono kuyafuta. Kaanaeli alikuwa na kanga begani. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu, kumfuta baba yake machozi. Lakini alishaambiwa ondoa mikono. Akakaa pale amepiga magoti akiyatazama yanavyoingia masikioni, mpaka Anderson alipokuja kuyafuta kwa viganja vyake vya msasa.

Jioni hiyo alishuka mlima. Anderson alimsindikiza mpaka kwenye mfereji, akajaribu kumtuliza, akasema mkono wa mzee siku hizi unatetemeka, pengine aligonga bila kukusudia. Kaanaeli akamjibu kwamba kazi yake ni mikono. Anaujua mkono unaotetemeka, na anaujua mkono unaosema.

Mzee Tumainieli alifariki Jumatano asubuhi, akiwa ameegemea mito yake. Wanaume wakamwosha, kama ilivyo desturi. Kaanaeli alibaki jikoni na wanawake wengine, akianika sahani. Wakamzika chini ya migomba karibu na mkewe, mchungaji akasifu uaminifu wake kwamba hakuwahi kurudi nyuma katika neno lake, na watu wakaitikia amina.

Siku ya tatu ya matanga, ndugu wengi wakiwa wameshaondoka, Anderson alimfuata dada yake nyuma ya nyumba alikokuwa anasugua masufuria kwa majivu. Akachuchumaa mbele yake. Alisema kuna neno ambalo amelibeba tangu Jumanne, na kwamba alikuwa ameazimia kulinyamazia, lakini limemshinda.

"Jumanne mchana aliniuliza kama umekuja," alisema. "Nikamwambia, baba, si alikuja jana, ukamgongea. Akageuza uso ukutani. Nikadhani amesinzia. Halafu akasema, 'Nilikuwa nimeshafumba macho, Anderson. Nilikuwa nimeshaweka mkono. Kwa nini aliniuliza?'"

Kaanaeli aliendelea kusugua lile sufuria. Alisugua mpaka Anderson alipomshika vifundo vya mikono.

Chumba nyuma ya saluni bado kipo. Beseni lipo, shuka zipo, Lugano akipita na lori bado anasimama. Kaanaeli bado anauliza, maana Faustina na wenzake wanamtegemea aulize, na hajui njia nyingine ya kuwa mtu wa haki. Ila wateja wa zamani wameona jambo moja. Siku hizi akishauliza, "Wapi panauma, na wapi hutaki niguse?" huiweka mikono yake nyuma ya mgongo, na kabla mtu hajajibu, huwa anatazama pembeni.